Kwa nini bunduki ya 1963 ni ghali kuliko ya 1964

 

Leo naandika kwa sababu ya mjomba. Juzi kwenye simu alinitupia swali, nikamwambia jibu lake ni refu, nitaliandika hapa ili na wengine msome. Alisikia kwamba huku Marekani kuna bunduki ya kuwindia, jina moja, kiwanda kimoja, lakini iliyotengenezwa mwaka 1963 inauzwa bei kubwa kuliko iliyotengenezwa mwaka 1964. Mwaka mmoja tu! Akaniuliza: "Hao wenzako wananunua bunduki au wananunua kalenda?"

Nilicheka, lakini swali ni zuri. Mjomba ni seremala wa miaka mingi pale Tabora, na naamini ataelewa jibu hili kuliko hata baadhi ya Wamarekani wanaozinunua. Maana ndani yake kuna mti, kuna msasa, kuna fundi na kuna bosi anayetaka kupunguza gharama. Hayo yote mjomba anayajua.

Bunduki yenyewe inaitwa Winchester Model 70. Kiwanda kilikuwa New Haven, mji wa hapahapa Connecticut. Mwanzilishi wake, Oliver Winchester, hakuwa mhunzi wala mwindaji, alikuwa mfanyabiashara wa kushona mashati. Akaweka fedha zake katika kampuni ya bunduki, na mwaka 1866 kampuni ikachukua jina lake. Jina hilo lilifika mpaka kwetu. Theodore Roosevelt, baada tu ya kumaliza urais wa Marekani, alishuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909 kwa safari ya kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian. Katika mizigo iliyobebwa na wapagazi wetu zilikuwamo bunduki za Winchester alizoziagiza moja kwa moja kiwandani, za modeli ya 1895, na hizo ndizo alizozipenda kwa simba.

Baada ya vita kuu ya kwanza kampuni ikayumba. Ilikuwa imejenga majengo makubwa kwa ajili ya kazi ya vita, vita vikaisha, madeni yakabaki. Wakajaribu kutengeneza kila kitu: visu, tochi, viatu vya magurudumu, hata majokofu. Haikusaidia. Mwaka 1931 ikafilisika, ikanunuliwa na familia ya Olin, wenye kiwanda cha risasi. Na katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi, wakati watu wanapanga foleni ya supu, hao Olin wakaamua kutengeneza bunduki nzuri. Model 70 ilianza kutengenezwa mwaka 1936.

Elewa, mjomba, kwamba hii ilikuwa bunduki ya kiwandani. Kule London tajiri alikuwa anaenda kwa fundi kama Holland & Holland, anapimwa mkono na bega kama anayeshonewa suti, kisha anasubiri miezi mingi. Model 70 ilikuwa ya mtu wa kawaida: mkulima, dereva, mwalimu. Anaingia dukani, analipa, anatoka nayo. Lakini waliitengeneza kwa namna ambayo mtu wa kawaida huyo alihisi ameheshimiwa. Nitaeleza kwa vitu vitatu: chuma, mti, na kucha.

Chuma kwanza. Kile kiini cha bunduki, pale mtutu unapofungwa na komeo linapotembea, kilianza kama pande la chuma kilichofuliwa. Halafu kilipita mashine moja baada ya nyingine, hii inachonga, ile inatoboa, ile inakereza, mpaka sehemu kubwa ya lile pande ikawa chenga sakafuni. Kisha kikaenda kwa watu wa kung'arisha. Hao ndio niliotaka uwajue. Ule weusi wenye ubuluu unaouona kwenye bunduki si rangi ya kupaka. Ni aina ya kutu, ila ni kutu nyeusi inayotengenezwa kwa makusudi ili imlinde mwenyewe chuma. Na ni nyembamba mno. Wewe ukipiga vanishi nzito kwenye kabati, msasa mbaya unaweza kujificha kidogo. Kwenye chuma huwezi. Kila mkwaruzo ulioachwa na fundi utauona ndani ya weusi ule, umelala pale kama ufa kwenye kioo. Kwa hiyo mtu akisema "bunduki hii ina weusi mzuri", anachokisifia hasa ni ung'arishaji, yaani saa ngapi mtu alisimama mbele ya gurudumu na alikuwa na mkono wa namna gani.

Pili, mti. Kitako kilikuwa cha mti wa walnati, na pale mkono unaposhika palichongwa zile almasi ndogondogo zinazopishana ili kiganja kisiteleze. Tuite nakshi, ingawa si ya maua kama ile ya milango ya Unguja. Nakshi hii ilichongwa kwa mkono, mstari kwa mstari, kwa kifaa chenye meno. Mstari mmoja ukipinda, yote inayofuata inapinda. Kila almasi inatoka na ncha kali, ukiishika unaihisi inakukamata.

Tatu, kucha. Hii haionekani ukiwa mbali, lakini ndiyo iliyofanya wawindaji wa wanyama wakali waipende. Ubavuni mwa komeo kuna ukucha mrefu wa chuma, wazo lililotoka kwa Mauser wa Ujerumani, yule wa bunduki ya 1898. Risasi inapopanda kutoka kwenye sanduku lake, ukucha unaidaka palepale na kuishika mpaka iingie ndani ya mtutu, na baada ya kupiga, ukucha huohuo unalivuta ganda nje. Faida yake ni hii: mwindaji akipata hofu akalisukuma komeo nusu kisha akalirudisha, ile risasi inatoka nalo. Kwenye bunduki isiyo na ukucha wa namna hiyo, risasi inabaki imelala njiani, ukisukuma tena ya pili inakuja kuigonga ya kwanza mgongoni, bunduki imekwama, na nyati hajasimama kukusubiri. Ndiyo maana mwaka 1956 Winchester walipotoa risasi nzito ya .458 kwa ajili ya tembo na nyati, na Model 70 maalumu ya kuipiga, walithubutu kuiita "African". Wawindaji wengi wa Kenya na Tanganyika hawakuwa na uwezo wa bunduki za London za mitutu miwili. Hii ya kiwandani waliimudu.

Haya, sasa tuje kwenye kisa.

Baada ya vita vya pili mishahara ya mafundi Marekani ilipanda, na vizuri ikapanda. Lakini bunduki inayohitaji mashine nyingi na mikono mingi ikawa inakula faida yote. Wakati huohuo mshindani wao mkubwa, Remington, alikuwa amejifunza kitu katika kazi za vita. Mwaka 1948 alitoa bunduki ambayo kiini chake ni cha mviringo kama bomba, kwa hiyo kinakerezwa kirahisi badala ya kuchongwa pande zote. Ukucha wake ni kijidude kidogo kinachokaa ndani ya uso wa komeo. Vipande vingine vilikatwa kwenye bati kwa mashine ya kugonga. Ilikuwa rahisi kutengeneza, na ilipiga vizuri sana. Haikuwa na sura tu. Basi mwaka 1962 Remington akaichukua bunduki ileile, akaivalisha nguo nzuri, akaiita Model 700. Watu wakaipenda.

Winchester wakaona wamebanwa. Mitambo yao nayo ilikuwa imezeeka. Wakaamua kubuni upya karibu bunduki zao zote kwa mkupuo, na bidhaa hizo zikatoka mwaka 1964. Bunduki yao ya marisau ya Model 12, iliyokuwa na sifa tangu kabla ya vita ya kwanza, wakaitoa kwenye orodha ya kawaida kwa sababu ilikuwa ghali mno kuitengeneza. Ile ya kukokoa kwa mkono ya Model 94, mnayoiona kwenye sinema za makauboi, ikapewa kipande cha bati mahali palipokuwa na chuma cha kuchongwa, na pini za uwazi badala ya pini nzima. Na Model 70 ikatoka na sura ambayo wateja hawakuamini.

Ule ukucha mrefu umeondolewa. Nakshi haikuchongwa tena, ilibanwa kwenye mti kwa moto na shinikizo kama unavyopiga muhuri, na almasi zake badala ya kutokeza nje zilizama ndani. Yaani mkono haushiki kitu. Mtutu uliachwa huru usiguse mti, jambo ambalo si baya kwa shabaha, lakini pengo lilikuwa kubwa mpaka likachekesha. Mjomba, fikiria umemtengenezea mteja mlango, halafu kati ya mlango na fremu panapita kidole. Unaweza kumweleza kwamba pengo lina faida ya hewa. Atakuelewa?

Jack O'Connor, ambaye alikuwa mwandishi wa bunduki maarufu kuliko wote Marekani wakati ule, na ambaye makala zake ndizo zilizoitangaza risasi ya .270 ya Winchester, hakuipenda, na hakuficha. Wanunuzi wakahamia kwa Remington. Na hapa ndipo historia inapokuwa na utamu, kwa sababu nakshi ya Remington 700 ya miaka ile nayo ilikuwa ya kupigwa muhuri! Na ukucha wake nao ulikuwa mdogo! Kwa vipimo, bunduki hizi mbili zilikuwa zinafanana kuliko watu walivyotaka kukiri. Tofauti ni kwamba Remington alianza chini akapanda, Winchester alianza juu akashuka. Mteja hakuilinganisha Winchester ya 1964 na Remington peke yake. Aliilinganisha na Winchester ya baba yake iliyoning'inia ukutani nyumbani.

Na ile mpya ilipigaje? Vizuri tu. Hii lazima niiseme kwa haki. Nyingi zilikuwa na shabaha sawa na za zamani. Uso wa komeo jipya ulilizunguka tako la risasi pande zote, na hiyo ni kinga ya ziada ganda likipasuka. Kwa mtu anayekwenda msituni kupiga paa mmoja kwa mwaka, haikuwa na kasoro ya kumnyima kitoweo. Lakini mnunuzi dukani hapigi risasi. Anashika, anafungua komeo, anapitisha kidole gumba kwenye nakshi, anaangalia pale chuma kinapokutana na mti. Hicho ndicho kipimo alichonacho. Na akiona umepunguza kazi pale anapoweza kuona, anajiuliza: basi pale nisipoweza kuona, umepunguza nini?

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa mjomba. Umaliziaji, au finishingi kama mafundi wetu wanavyoita, si urembo juu ya kazi. Kwa mnunuzi ndio ushahidi pekee alionao juu ya kazi nzima.

Lakini jibu la pili linapingana kidogo na la kwanza, nalo ni kwamba ushahidi unaweza kudanganya. Kuna mzee mmoja jirani yangu, sasa amestaafu, aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda kile. Nilipomwambia nataka kuelewa mambo haya alinichukua kwenye maonyesho ya bunduki za zamani, tukazunguka meza kwa meza siku nzima. Nilidhani atanionyesha zinazong'aa. Zinazong'aa ndizo alizozipita haraka kuliko zote! Nitawapa alichonifundisha, maana kinafaa hata kwa anayenunua mashine ya mtumba.

Kitu cha kwanza alichoangalia ni herufi. Kwenye mtutu kuna maandishi ya kampuni na namba zilizogongwa kwenye chuma. Kiwandani chuma kiling'arishwa kwanza ndipo kikagongwa herufi, kwa hiyo kingo zake ni kali. Ukikuta herufi zimefifia, zina kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, ujue mtu ameing'arisha bunduki hiyo upya na kuipiga weusi upya. Itakuwa inapendeza kuliko zote mezani, na thamani yake imeshuka. Vivyo hivyo matundu ya skrubu: yakiwa yamezama kama visahani, gurudumu la kung'arisha limepita juu yake. Na zile pembe zinazotakiwa kuwa kali, zikiwa zimelainika, fundi wa pili alikuwa na haraka.

Halafu mti. Mti wa kiwandani ulikuwa juu kidogo kuliko chuma, unene wa kucha tu. Ukikuta mti uko chini ya chuma, umepigwa msasa kuondoa mikwaruzo. Nakshi iliyopigwa msasa inabaki bapa, almasi zimekatwa vichwa. Akageuza kitako: kama kuna mpira wa kupunguza teke umeongezwa, basi mti umekatwa na hauwezi kurudi. Akahesabu matundu ya juu ya kufungia darubini, kama kuna ambayo hayakutobolewa kiwandani. Akaangalia vichwa vya skrubu, kama vimetafunwa na bisibisi isiyo saizi yake. Mwisho kabisa akatoa komeo, akaelekeza mtutu kwenye taa na kuchungulia ndani kutafuta kutu na mistari iliyolika.

Nikamwuliza, kwa hiyo iliyochakaa kwa uhalali ni bora kuliko iliyorembwa? Akasema ndiyo, kwa sababu iliyochakaa inaonyesha bado kazi ya waliomtangulia, na iliyorembwa inaonyesha kazi ya mtu asiyejulikana.

Akanionyesha na jingine ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Tarehe 1964 si mstari wa peponi na motoni. Kazi ya Model 70 ilikuwa imeanza kulegea kabla ya hapo. Alishika mkono mmoja bunduki ya kabla ya vita vya pili, mkono mwingine ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zote ni "za kabla ya 64", na zote wauzaji wanazisifia kwa sauti moja. Lakini ya pili ina alama za mashine ndani, pale komeo linapopita, ambazo ya kwanza haina, kwa sababu mitambo ilikuwa imechoka na muda wa kung'arisha ulikuwa umepunguzwa. Kwa upande mwingine, zile za baada ya 1964 zilianza kurekebishwa mapema. Mwaka 1968 komeo liliwekewa njia maalumu lisikwame likisukumwa upande, na sura yake yote ikatengenezwa, na miaka ya 1970 nakshi ikarudi kuchongwa, safari hii kwa mashine. Kwa hiyo mtu anayenunua mwaka badala ya kununua bunduki iliyo mkononi mwake anaweza kuibiwa mchana kweupe. Mjomba, hapo kwenye kalenda umewapata!

Bado kuna swali: mbona wanalipa? Kwa sababu thamani ni zaidi ya moja, na huwa tunazichanganya. Iko thamani ya kutumia, na hapo ya 1963 na ya 1970 hazipishani sana kwa mwindaji wa kawaida, isipokuwa yule anayemfuata nyati, ambaye atautaka ukucha. Iko thamani ya kazi iliyomo, saa za mikono ambazo leo hakuna kiwanda kinachoweza kuzilipa kwa bei ya mtu wa kawaida. Na iko thamani ya uhaba. Namba za zile za zamani zinaishia 581,471, kisha kiwanda kikaruka na kuanza hesabu mpya kwenye 700,000. Ni kama walijua kwamba watu watataka kuzitenganisha. Hizo za kwanza haziongezeki tena, na kila mwaka kuna moja inayokatwa kitako au kung'arishwa na mtu mwenye nia njema, basi zinapungua.

Tusisahau mji wenyewe. Kiwanda kile kilikuwa kimekaa kwenye mtaa wa Newhallville, na kilikuwa kimeajiri maelfu. Watu weusi wengi waliotoka majimbo ya kusini kukimbia ubaguzi na njaa walipata pale kazi ya fundi, kazi yenye mshahara wa kununua nyumba. Baada ya 1964 jina halikupona. Mwaka 1979 wafanyakazi waligoma, mgomo ukaendelea mpaka 1980. Mwaka 1981 Olin wakauza kiwanda kwa kampuni mpya, wenyewe wakabaki na haki ya jina. Kampuni hiyo ikafilisika mwaka 1986, ikachukuliwa na wengine, mwishowe ikawa mali ya FN wa Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakaurudisha ule ukucha mrefu. Waliwezaje? Mashine za kuongozwa na kompyuta zilikuwa zimefika, na kazi ya kuchonga iliyokuwa ghali mwaka 1963 ikawa rahisi tena. Bunduki ikawa nzuri, wawindaji wakairudia. Lakini mikono iliyotakiwa sasa ilikuwa michache, na tarehe 31 Machi 2006 kiwanda cha New Haven kikafungwa, na watu chini ya 200 waliokuwa wamebaki wakaenda nyumbani. Baadaye Model 70 ikaanza kutengenezwa Columbia, South Carolina, na katika miaka ya 2010 kazi ya kuziunganisha ikahamia Ureno. Sehemu ya majengo ya zamani ya New Haven sasa ni nyumba za kupangisha, zenye madirisha makubwa yaleyale yaliyowekwa ili fundi apate mwanga wa kuona mikwaruzo kwenye chuma.

Sitaki kusema kwamba mji ulianguka kwa sababu ya nakshi ya muhuri. Viwanda vingi vya huku vilifungwa ambavyo havikuwahi kutengeneza bunduki hata moja. Gharama zilikuwa za kweli, na wenye kiwanda hawakuwa wajinga. Kama wasingebadilika huenda wangefilisika mapema zaidi. Kosa lao ni mahali walipokata. Remington alipunguza kazi ndani ya bunduki, akaongeza matumizi kwenye ngozi yake. Winchester walipunguza ndani na nje kwa siku moja, kisha wakaibandika jina lilelile na kumtaka mteja asione tofauti.

Basi, mjomba, ungekuwa huku na ukaniuliza ninunue ipi, ningekujibu hivi. Ya kuwindia, chukua ya baada ya 1968 iliyotunzwa vizuri, au ile ya miaka ya 1990 yenye ukucha, fedha itakayobaki nunua risasi ufanye mazoezi. Ya kuweka kama akiba, tafuta ya kabla ya 64 ambayo haijaguswa, hata kama weusi umefutika pale ilipobebwa. Ila usithubutu kulipa bei ya hiyo kwa ile iliyosuguliwa upya, hata ing'ae kama kioo cha mnyozi. Na kabla ya kutoa fedha, soma herufi kwa kidole.

Mwenyewe sina bunduki na sina mpango wa kununua, msije mkamtia wasiwasi bibi. Nilichokuwa nakitaka ni kuelewa. Na tangu siku ile ya maonyesho nimekuwa nikilikumbuka kabati la mninga alilomtengenezea mama, mjomba, lile ambalo hata mgongo wake unaoelekea ukutani alipiga msasa. Mama alimwuliza nani atauona. Sikumbuki mjomba alijibu nini, nadhani hakujibu, aliendelea na kazi.

Msalimieni mkaza mjomba na watoto wote. Mjomba, ukisoma hii mwambie kijana wako aniandikie kama bado unalo lile randa la mti, nataka nimtumie yule mzee picha yake.